Kiangazi Kimeingia: Bwana na Bibi, Tokeni Nje Pamoja



Mvua za vuli zinapokwisha mwezi wa Desemba, mahali pengi katika nchi yetu anga hufunguka. Matope hukauka njiani, maembe hujaa sokoni, watoto wako nyumbani kwa likizo, na jua huendelea kuwaka mpaka masika yaanze mwezi wa Machi. Ni miezi mizuri ya kutembea na kukaa nje. Lakini katika nyumba nyingi, miezi hiyo hiyo ndiyo yenye ugomvi mwingi. Kwanza huja Krismasi na gharama zake. Halafu huja Januari na karo, sare za shule, vitabu na kodi ya nyumba. Bwana na bibi huonana kila jioni, lakini mazungumzo yao ni ya madeni tu.

Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi huliona dogo: jinsi bwana na bibi wanavyoweza kufurahi pamoja kwa kazi ndogo za mikono na matembezi yasiyo na gharama kubwa. Msiseme haraka kwamba huo ni mchezo wa watoto. Ndoa nyingi hazivunjiki kwa siku moja. Huchakaa polepole kama mkeka unaokaliwa kila siku, bila mtu wa kuutoa nje na kuukung'uta vumbi.

NDOA INAPOGEUKA KUWA OFISI

Tazameni mifano miwili ambayo kila parokia inaijua.

Wa kwanza ni wa bwana anayefanya kazi mjini na bibi anayekaa nyumbani shambani. Mwaka mzima wanaongea kwa simu: pesa zimetumwa, pesa zimefika, ng'ombe ni mgonjwa, mtoto amefukuzwa karo. Desemba bwana anarudi kwa majuma mawili. Siku ya kwanza anawasalimu wazazi, ya pili anakwenda kwenye kesi ya mpaka wa shamba, ya tatu marafiki wanamwita. Bibi naye anapika kwa ajili ya wageni tangu alfajiri mpaka usiku. Likizo inakwisha, na wawili hao hawajakaa peke yao hata saa moja.

Wa pili ni wa bwana na bibi walioishi pamoja miaka ishirini. Watoto wote sasa wako shule za bweni au wamekwenda kutafuta kazi. Jioni moja wanakaa mezani na kugundua kwamba hawana la kuambiana. Kwa miaka yote hiyo walikuwa baba na mama, walipaji wa karo na wajenzi wa nyumba. Kazi hizo walizifanya vizuri, lakini waliacha kuwa marafiki, na wala hawakumbuki ni lini waliacha.

Hakuna aliyetenda kosa kubwa katika mifano hii. Hata hivyo hatari iko wazi. Mtu asiyepata furaha kwake ataitafuta mahali pengine, iwe ni kwa chupa, kwa simu, au kwa mtu mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAANDIKO NA KANISA YASEMAJE?

Wakristu wengine hufikiri kwamba kupumzika na kufurahi ni karibu na dhambi ya uvivu. Sivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba baada ya kazi yake. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, mitume wanarudi kutoka kazini wakiwa wamechoka hata hawana nafasi ya kula, na Yesu anawaita waende mahali patulivu wapumzike kidogo. Anajua bado kuna wagonjwa na wenye njaa, lakini kwanza anawapumzisha rafiki zake.

Kuna sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5, ambayo wengi hawajaisikia ikisomwa. Sheria hiyo yasema kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asipewe kazi ya umma kwa mwaka mmoja, ili akae nyumbani na kumfurahisha mke wake. Taifa zima lilitakiwa limwachie nafasi kwa ajili hiyo! Nacho kitabu cha Wimbo Ulio Bora, sura ya 2, chamwonyesha kijana akimwita mpenzi wake atoke nje kwa sababu mvua imekwisha na maua yameonekana katika nchi. Kama Biblia imeyaweka matembezi ya wapendanao katika kurasa zake, nasi tusiyaonee haya.

Kanisa letu la Kenya lina sababu yake ya kukumbuka mambo haya. Mwezi wa Agosti 1985, Nairobi ilipokea Kongamano la 43 la Kimataifa la Ekaristi, naye Papa Yohane Paulo II alikuja. Mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Papa Fransisko aliandika waraka uitwao Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo. Humo anafundisha kwamba upendo wahitaji wakati: wakati wa kuongea bila haraka, wa kusikilizana na kutazamana. Anawashauri wenye ndoa wapange nafasi za kupumzika pamoja, wapokeane vizuri mmoja anaporudi nyumbani, wabarikiane usiku, na mara kwa mara wavunje mazoea kwa sherehe ndogo. Huo ni ushauri ambao hata mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kuufuata.

WATAKATIFU WALIOVUA SAMAKI NA KUTEMBEA

Tarehe 18 Oktoba 2015 huko Roma, Louis na Zélie Martin wa Ufaransa walitangazwa kuwa watakatifu. Walikuwa bwana na bibi wa kwanza kutangazwa pamoja. Ni wazazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu.

Hawakuwa watu wasio na shughuli. Louis alikuwa fundi wa saa katika mji wa Alençon. Zélie alitengeneza na kuuza vitambaa vya lesi, kazi ya sindano inayochosha macho na mgongo. Walioana mwaka 1858, wakazaa watoto tisa, na wanne kati yao walikufa wakingali wadogo. Walijua msiba, walijua hesabu za biashara, na Zélie alijua ugonjwa, kwani alikufa kwa saratani mwaka 1877. Biashara ya bibi ilipokua, Louis aliacha duka lake la saa ili amsaidie.

Hata hivyo duka lao lilifungwa kila Jumapili. Louis alipenda kuvua samaki, na mara nyingi samaki hao aliwapelekea watawa maskini wa Mtakatifu Klara. Familia ilikwenda Misa, kisha ikatoka kutembea mashambani. Theresia alipokuwa mdogo alikaa karibu na baba yake kando ya maji, na alipokuwa mtawa aliandika habari za siku hizo kwa furaha kubwa. Wazazi wale hawakujua kwamba matembezi yale yangekuwa sehemu ya malezi ya mtakatifu.

KAZI NDOGO ZA MIKONO

Mtu anaposhughulika kwa mikono yake, ulimi hufunguka. Kina mama wa Ukambani wanajua hivyo. Husuka vyondo huku wakitembea na kuzungumza. Wanaume wengi huona ugumu kukaa ana kwa ana na kuulizwa, “Una shida gani?” Lakini mpe jembe au msasa mkononi, ufanye kazi kando yake, na baada ya nusu saa atakuambia mwenyewe. Chagueni moja tu kati ya hizi, muianze kiangazi hiki:

1. Bustani ya gunia. Hata mpangaji wa chumba kimoja anaweza. Tafuteni gunia, udongo uliochanganywa na samadi, na kopo kubwa lisilo na mfuniko wala kitako. Simamisheni kopo katikati ya gunia, mlijaze mawe madogo, na mjaze udongo kulizunguka. Livuteni juu kidogo, mrudie tena mpaka gunia lijae. Mawe hayo yatashusha maji hadi chini. Toboeni mashimo ubavuni na mpande miche ya sukumawiki ubavuni na juu. Kiangazi maji ni haba, kwa hiyo tumieni yale mliyooshea mboga. Bwana amwagilie asubuhi, bibi jioni, na Jumamosi mpalilie pamoja.

2. Drafti ya vifuniko vya soda. Chukueni ubao au katoni, mchore miraba 64, nane kwa nane, na kuipaka rangi moja kwa kuruka. Kila mchezaji ana vifuniko 12; mmoja anavilaza kifudifudi na mwingine chali. Walio na bao au ajua nyumbani wasihitaji kuchora. Mshindi asijivune, na aliyeshindwa ateke maji ya chai.

3. Daftari la ukoo. Nunueni daftari gumu. Andikeni majina ya babu na nyanya wa pande zote mbili, mahali walikozaliwa, waliobatizwa na wapi, na jinsi ninyi wawili mlivyokutana. Bandikeni picha za zamani zinazoliwa na mende kabatini. Desemba wazee wako karibu. Nendeni mkawaulize pamoja. Bibi akimsikiliza baba mkwe akieleza ujana wake, na bwana akimsikiliza mama mkwe, heshima huongezeka pande zote.

4. Kushona, kufuma na kutengeneza. Bibi anayejua kufuma vitambaa vya viti amfundishe bwana kukunja uzi. Bwana anayejua useremala amwonyeshe bibi kupiga randa. Kitu kitakachotoka huenda kikawa kibovu. Kiwekeni nyumbani vivyo hivyo, maana mtakicheka pamoja kwa miaka mingi.

MATEMBEZI YASIYOMALIZA PESA

Mtu hujikuna ajipatapo. Si lazima mwende hotelini wala mbugani. Anzeni na mahali mnapoweza kufika kwa miguu: mto wa karibu, kilima ambacho hamjakipanda, shule mliyosoma, kaburi la mzazi linalohitaji kufyekwa. Mkipata nauli, nchi yetu ina mengi.

Walio Nairobi wana Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayotoa kuni za reli. Wana Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000. Mkiwa humo waelezeni watoto jinsi Profesa Wangari Maathai na wenzake walivyoutetea usinyakuliwe mwishoni mwa miaka ya 1990, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wanaosafiri kwenda Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu wataona kando ya barabara kanisa dogo sana, lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Shukeni, mwingie, msali Baba Yetu mmeshikana mikono.

Walio upande wa Nakuru wanaweza kuhiji Subukia, kwenye Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria, na kupanda mlima pamoja wakisali Rozari. Nyahururu kuna maporomoko ya Thomson, yaangukayo mita 74. Mombasa kuna Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na jioni mnaweza kukaa Mama Ngina mkila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, mkitazama meli zikiingia bandarini. Ulizieni kiingilio kabla ya kuondoka nyumbani, msije mkaaibika mlangoni.

Yashikeni masharti haya manne:

1. Patanisheni pesa kabla ya kutoka. Kiasi mlichokubaliana kikae mfuko mmoja, na kisiongezwe njiani.

2. Bebeni chakula. Chapati, ndizi, maji na chupa ya chai vyatosha.

3. Simu zikae mkobani, na habari za madeni zibaki nyumbani. Yatengeni madeni kwa siku yake, kwa mfano Jumatatu baada ya chakula cha jioni. Deni halitakimbia.

4. Rudini kabla ya giza, na msipitie baa.

JIHADHARINI NA “MKE WA KWANZA”

Karibu na barabara ya Kisumu kwenda Bondo kuna majabali makubwa yaliyopandana, yaitwayo Kit Mikayi. Kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee husimulia kwamba mzee mmoja aliyapenda majabali hayo kupita kiasi. Kila siku aliingia pangoni mwake na kukaa mchana kutwa, na mke wake alilazimika kumpelekea chakula huko. Watu walipomwuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Ndugu msomaji, mama yule alitania, lakini utani wake una uchungu. Jambo lolote la kujifurahisha laweza kugeuka kuwa mke mwenza au mume wa pili. Mpira wa Ulaya kila Jumamosi na Jumapili, chama kisichokwisha mikutano, kwaya yenye mazoezi kila jioni, au simu inayolala kitandani katikati yenu: vyote si vibaya, lakini jiulize kama mwenzako anakuletea chakula pangoni. Si lazima mpende mambo yale yale. Bwana aweza kuwa na mpira wake na bibi kwaya yake. La muhimu ni kwamba liwepo angalau jambo moja ambalo ni lenu wawili.

“LAKINI SISI HATUWEZI”

“Hatuna wakati.” Mna saa ngapi za kutazama televisheni kwa juma? Kateni moja tu.

“Watu watacheka.” Katika vijiji vingine bwana akitembea bega kwa bega na bibi yake, husemwa amekaliwa. Wacheni wacheke. Siku ya harusi mlitembea mmeshikana mikono mbele ya parokia nzima, wala hakuna aliyecheka. Tena watoto wenu wanatazama. Kijana aliyemwona baba yake akimbebea mama kikapu atajua namna ya kuoa.

“Mwenzangu hataki.” Usimlazimishe wala usimhubirie. Anza na jambo dogo sana. Mama mmoja wa kando ya ziwa aweza kusema hivi:

“Baba Atieno, jioni twende tukatazame jua likizama ziwani.”

“Kuna nini huko?”

“Hakuna kitu. Ndiyo sababu nataka twende.”

Akikataa leo, mwulize tena juma lijalo kwa upole. Pengine hakatai matembezi, bali anaogopa kwamba mkifika huko utamdai pesa au utamkumbusha makosa. Mwonyeshe kwamba hutafanya hivyo.

“Sisi tuna shida kubwa kuliko hizo.” Hapa tuseme kweli. Matembezi hayaponyi kila kidonda. Pakiwa na ulevi, uzinzi au deni la siri, pikniki haitafunika. Nendeni kwa padre wa parokia, au kwa bwana na bibi wasimamizi wa ndoa yenu, mkaseme wazi. Na anayepigwa nyumbani asidanganywe kwamba dawa ni kumfurahisha anayempiga. Kwanza atafute mahali salama kwake na kwa watoto, awaambie watu anaowaamini, na ikibidi apige ripoti polisi. Kuvumilia msalaba si kuvumilia ngumi.

KAZI YA NYUMBANI: MAJUMA MANNE

Jumapili iliyo ndani ya Oktava ya Noeli ni sikukuu ya Familia Takatifu. Anzeni siku hiyo.

Juma la kwanza: Baada ya Misa, rudini nyumbani kwa miguu kwa njia ndefu, ninyi wawili tu. Kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja analomshukuru kwalo mwaka huu.

Juma la pili: Chagueni kazi moja ya mikono na kuianza. Msinunue kitu msichokihitaji.

Juma la tatu: Karo inabana sasa. Siku ya hesabu kaeni na karatasi, mkimaliza mfunge daftari. Jioni inayofuata chezeni drafti.

Juma la nne: Tokeni matembezi ya nusu siku. Kama watoto wapo, wapelekeni. Lakini mtafute saa moja ambayo jirani au shangazi atawashikia wadogo.

Maswali ya kujadiliana, nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Tulipokuwa wachumba tulipenda kufanya nini pamoja? Kwa nini tuliacha?

2. Ni jambo gani ambalo limekuwa “mke wa kwanza” katika nyumba yetu?

3. Katika jumuiya yetu, ni nani wanaoweza kuwashikia wazazi vijana watoto wao kwa mchana mmoja ili nao wapumzike?

Swali hilo la tatu msilipite haraka. Wajane na wazee katika jumuiya mara nyingi hukaa peke yao mchana kutwa, na wazazi vijana hawana wa kuwasaidia. Mkiwaunganisha, nyumba mbili zitafurahi.

Malizeni kwa sala fupi, mmoja akiisema na mwenzake akiitika Amina: “Ee Bwana, uliyekwenda harusini Kana, ukae pia katika nyumba yetu. Utupe mkate wa leo, na utupe furaha ya kuula pamoja. Amina.”

Masika yatarudi, na matope pamoja nayo. Tumieni jua hili lingalipo. Mungu awabariki.